Harusi Niliyoiokota Jalalani

Mume wangu alifariki mwaka 2005. Mwaka huu, mwezi wa sita, nilimwokota jalalani Ngara mjini, katikati ya matumbo ya kuku.

Sisemi kwa mafumbo.

Mkononi nilishika mkanda wa video, ule mweusi mkubwa wa zamani, unachuruzika maji ya takataka. Ndani yake kulikuwa na sauti yake.

Uvundo wa siku ile ninao puani hadi leo. Lakini katika kisa hiki kuna kilichonuka zaidi ya jalala.

Naitwa Adelfina. Ni bibi mkulima, wa kijiji cha Keza. Nilijaliwa wana wawili, Frednand na mdogo wake Elick. Elick alifariki mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa ini, akamwacha mkewe Ineza na mabinti wawili kwenye kibanja chao cha migomba.

Matanga hayajaanuliwa, Frednand akaja na kamba ya kupimia.

"Ineza, hiki kibanja ni cha ukoo. Elick alikuwa anakitunza tu. Anza kupanga vyombo."

Ineza aliendelea kumenya ndizi.

Nikamwambia, "Frednand, baba yako alimpa Ineza kibanja hiki siku ya harusi. Kikanyweshewa pombe."

"Mama, uliona kwa macho yako?"

Hapo akanibana.

Kwetu Wahangaza, neno zito halipiti hivi hivi. Anayetoa anavuta pombe ya ndizi kwa mrija kutoka kwenye kibuyu. Kisha shahidi anavuta kwa mrija uleule. Akishanywa, lile neno ni lake kulilinda mpaka kufa.

Siku ile mimi nilikuwa jikoni. Mama wa bwana harusi haketi kwenye mazungumzo ya wazee. Mume wangu Bonaventura aliniambia tu baadaye, "Ineza nimempa kibanja, na kimenywewa." Sikuuliza kanywa nani. Nilijua ni mmoja wa wazee.

Ineza mwenyewe alikuwa amefunikwa nguo kichwani kama desturi, macho chini, na sauti za ukweni bado hajazizoea. Na bibi harusi hawezi kuwa shahidi wa jambo lake.

Wazee walikuwa watano. Wanne wamekufa. Wa tano siku hizi anamwita kila mtu mama.

"Umesikia, hukuona," Frednand akasema. "Tukutane kwenye baraza."

Baraza la kitongoji likapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita. Bila ushahidi, Ineza na watoto wanatoka.

Nikakumbuka mkanda.

Harusi ile ilipigwa picha na bwana mmoja aliyekuwa na kamera, enzi zile kambi ya wakimbizi ya Lukole bado ina watu. Mkanda wake ulikaa kwa Frednand miaka yote, kwa sababu ndiye pekee mwenye deki ya video.

Nilienda kwake nikitegemea ugomvi. Wapi! Aliniitikia vizuri, akamwita mkewe.

"Happy, mpe mama ule mkanda wa harusi. Akamwangalie baba."

Happy aliufunga kwenye kitambaa safi cha mezani, akanisindikiza hadi njia panda akiwa amenibebea. Mkwe mwema huyo, na katika kisa hiki kizima hajawahi kuninyima neno zuri.

Njiani nilimshukuru Mungu. Nikajiambia, mwanangu bado ana utu.

Nilikuwa mjinga.

*

Deki ya Frednand ilikuwa imeharibika, kwa hiyo niliambiwa niupeleke Ngara mjini, uhamishiwe kwenye flashi. Nikaelekezwa kwa kijana mmoja anaitwa Aristides, ana duka la kupiga picha za pasipoti na kurekodi harusi.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba mwanangu. Nina mkanda. Ninachotaka ni pale mzee anaposimama na kibuyu. Hapo tu."

"Bibi umefika! Unaona hiki?" Akanionyesha kidude kama kiberiti, kina waya. "Hiki kinachukua analojia kinapeleka dijitali. Ndani kina chipu ya nguvu. Njoo keshokutwa."

Keshokutwa nikafika. Akanikalisha, akanipa soda, akachomeka flashi kwenye televisheni.

Harusi ikaanza. Nikamwona Elick wangu akicheka, suti imemzidi mabega. Nikalia kidogo.

Kisha Bonaventura akaonekana amekaa na wazee. Akashika fimbo yake. Akaanza kuinuka.

Maua.

Maua mekundu yakajaa kwenye kioo. Yakaja mapambo ya mioyo. Njiwa wakaruka kutoka kushoto kwenda kulia. Wimbo wa harusi ukapigwa, tena si wa wakati ule.

Maua yalipoondoka, watu walikuwa wanakula.

"Aristides, mzee yuko wapi?"

"Aa, pale palikuwa bluu tupu bibi. Kifaa kilikataa. Nikaona nikupendezeshee."

"Umemfunika mume wangu kwa njiwa?"

"Bibi, wateja wote wanapenda njiwa."

Soda ikawa kama dawa ya minyoo.

"Haya. Nipe mkanda wangu."

Akajikuna shingo.

"Ule ulikuwa na ukungu bibi, ungeniulia deki. Nimetupa. Si una flashi?"

Mimi si mtu wa kufoka. Wajukuu zangu wanajua. Lakini siku ile nilimtazama yule kijana nikaona karaha. Ametupa sauti ya mtu kama ganda la ndizi! Na hakuona ajabu yoyote, alikuwa anachezea simu.

"Umetupa wapi?"

"Nyuma huko. Kwenye shimo."

Shimo hilo ndilo wanalotupia wachinja kuku wa sokoni.

Sitawaelezea yote, wengine mnasoma huku mnakula. Nzi walikuwa wengi hadi shimo linavuma. Matumbo, manyoya, vichwa. Nilisimama ukingoni nikashindwa hata kupumua.

Mama mmoja mchinja kuku akaniona.

"Shikamoo bibi. Umedondosha nini?"

"Marahaba. Kuna mkanda wa video humo. Ni harusi ya mwanangu marehemu."

Hakuuliza la pili. Anaitwa Mukeshimana. Alivaa mabuti yake, akashuka na jembe, akawa anasogeza ule uchafu taratibu kama mtu anayefukua viazi asivikate.

"Bibi, ni hiki?"

Nikainama nikauokota mwenyewe. Mukeshimana akachukua ndoo yake ya maji safi, ya kuoshea kuku wa wateja, akanimwagia mikononi yote. Kisha akaufuta mkanda kwa ncha ya kanga yake.

"Bibi, usiupeleke tena kwa wapiga njiwa," akasema. Kumbe alisikia. "Biharamulo kuna fundi mwanamke, Scolastica. Redio ya marehemu mama yangu kila fundi aliikataa, yeye akaiponya. Huyo akishindwa anakuambia ameshindwa."

*

Kesho yake asubuhi nikapanda gari. Nyakahura, Lusahunga, hadi Biharamulo mjini. Mkanda nimeufunga mara tatu, na bado abiria wa jirani alifungua dirisha.

Scolastica ni mwanamke wa makamo, mnene, sauti ya chini. Hakukunja pua. Alifungua mkanda kwa bisibisi, akaangalia utepe ulio ndani. Ukungu mweupe ulikuwa umeota kama juu ya maharage yaliyolala.

"Bibi, leo unalala kwangu. Hii si kazi ya haraka."

Alisafisha utepe kwa mkono, akauhamishia kwenye ganda jingine. Nilimhesabia pumzi tu.

Alipomaliza akaniambia, "Sasa sikiliza vizuri. Utepe huu utapita kwenye deki mara moja. Tukijaliwa, mara mbili. Baada ya hapo unakatika. Kwa hiyo chipu tunaichagua kabla, siyo baada."

"Chipu si chipu tu, mwanangu?"

Akacheka. "Chipu ni kama watu, bibi. Picha ya zamani inatoka kwenye mkanda mstari mmoja mmoja. Kazi ya chipu ni kuisoma ile mistari na kuigeuza namba, maana dijitali ni namba tu. Mkanda ukichakaa, mistari inatetemeka. Chipu nyingine ikiona mtetemo inasusa. Inapaka bluu, inakuambia hakuna kitu."

"Na kumbe kitu kipo?"

"Kipo. Yenyewe tu ndiyo imekosa subira."

Akatoa vifaa vitatu, akavifungua vyote mezani. Akaleta na mkanda wake mbovu wa mahubiri, aliousugua makusudi ili uwe mbovu zaidi. Huo ndio anaojaribia. Haweki mkanda wa mtu mpaka chipu ipite kwa mchungaji.

Cha kwanza kilikuwa kidude kama kile cha Aristides. Akachovya pamba kwenye spiriti, akapitisha juu ya chipu. Maandishi yakatoka, pamba ikachafuka.

"Unaona? Wamekwangua jina la chipu ya ovyo, wakaichapa jina la chipu nzuri."

Nilisogea nikaangalia. Kitu chenyewe hakizidi ukucha wa mtoto!

"Mtu anakaa kabisa anadanganya kwenye kitu kidogo hivi?"

"Padogo ndipo panapodanganyika, bibi. Nani atafungua?"

Nikatema mate nje ya mlango. Sikuweza kujizuia.

Tukakijaribu. Mchungaji alisema "Ndugu zang—" kikapaka bluu.

Cha pili kilikuwa na chipu halali. Picha yake, jamani! Tai ya mchungaji nyekundu, meno meupe, hadi jasho unaliona. Ila mkanda ulipofika kwenye ubovu, picha ikaganda, na alipoanza kutembea tena alikuwa upande mwingine wa mimbari.

"Inaruka," nikasema.

"Inaruka. Inachukua pazuri, pabaya inaacha."

Cha tatu alikitoa kwenye kompyuta ya zamani iliyokufa. Picha yake ilikuwa mbaya mno. Mchungaji wa njano, chenga kama mvua, kichwa kimepinda kama kimesukumwa na upepo. Lakini hakikukata. Penye ubovu mchungaji aliyumba, akapinda, akaendelea kuhubiri. Neno halikupotea hata moja.

Scolastica akaniangalia.

"Mkanda ni wako, bibi. Cha pili kina nafasi kidogo ya kushika, na kikishika utamwona mzee kama yuko hai. Cha tatu utamsikia, lakini sura yake siwezi kukuahidi."

Nikaviangalia vile vifaa viwili.

Mume wangu sina picha yake nzuri. Nina ile ya kadi ya mpiga kura tu, amekunja uso. Nilitaka kumwona, wallahi nilitaka. Miaka ishirini.

Lakini sura ilikuwa ni haja yangu mimi. Maneno yalikuwa ni nyumba ya Ineza.

"Weka hicho kibaya."

Scolastica alinishika bega, akabonyeza deki.

Tukafika pale. Bonaventura akainuka. Alikuwa wa njano, hana macho wala pua, chenga tupu. Ila sauti ilikuwa yake. Alisema kwa Kihangaza, mimi nawaandikia kwa Kiswahili:

"Kibanja cha kijitoni nampa mkwe wangu Ineza. Hata mwanangu akitangulia, Ineza hatoki. Nani ananywa neno hili?"

Akavuta mrija.

Kijana mwenye shati jeupe akatoka upande wa kulia, akapiga magoti, akashika kibuyu.

"Nanywa mimi, baba. Atakayemtoa Ineza atapambana na mimi."

Ile sauti sikuhitaji sura. Niliinyonyesha mwenyewe.

Alikuwa Frednand.

Scolastica akaniletea maji, akakaa karibu yangu.

Baadaye akasema, "Bibi, kitu kimoja kinanishangaza. Utepe mwingine wote uko mzima. Umeliwa hapo tu, mzee anapoinuka hadi kijana anapokunywa."

"Si ukungu?"

"Ukungu hauchagui, bibi."

Sikutaka kufikiri zaidi. Mimi ni mama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtetea moyoni. Alikuwa kijana. Ilikuwa sherehe, alishalewa. Ni zamani, amesahau. Akijiona tu atakumbuka, ataona haya, ataomba msamaha, yaishe.

*

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti wa kitongoji alitoa televisheni yake uani, tukachomeka flashi ya Scolastica, watu wakajaa. Frednand alikaa mbele, amekunja nne, anachokonoa meno.

"Frednand," mwenyekiti akauliza, "mkanda huu unaufahamu?"

"Ulikaa kwangu tu mzee. Sijawahi kuuangalia tangu siku ya harusi. Nina kazi zangu."

"Sawa. Tuangalie."

Picha ikaanza. Ilikuwa mbaya hadi watu wakacheka. Mmoja akasema, "Mama Frednand, hii harusi ilifungwa kwenye moshi?" Hata mimi nikacheka.

Ilipokaribia pale, nikamgeukia mwanangu nimwone akikumbuka.

Alikuwa anatabasamu. Amejiegemeza kabisa, kama mtu anayesubiri kitu anachokijua.

Baba yake akainuka kwenye kioo. Akaanza kusema.

Frednand akaruka kwenye kiti.

"Haiwezekani! Hiyo imetengenezwa! Siku hizi kompyuta zinatengeneza watu, mnajua nyie!"

"Kaa chini," mwenyekiti akasema. "Kwa nini haiwezekani?"

"Pale mzee anaposimama pameshakufa! Panakuwa bluu tupu! Mimi mwenyewe nimejaribu mara—"

Akajishika mdomo.



Mzee mmoja nyuma akasema, "Endelea kuhesabu, kijana. Mara ngapi?"

Hakuna aliyecheka.

Happy akasimama. Mkewe. Alikuwa analia, na alizungumza polepole, kwa heshima yake ileile.

"Baba Neema, kumbe ni hapo? Ulikuwa unafunga mlango, unaangalia mahali palepale, unasimamisha, unarudisha. Mimi nikawa nawafukuza watoto wasikusumbue." Akajifuta. "Nilidhani unamlilia baba."

Nilitoka nikaenda nyuma ya choo cha mwenyekiti, nikatapika.

Jalalani sikutapika. Mbele ya nzi na vichwa vya kuku sikutapika. Nilitapika kwa mwanangu.

Baraza halikuchukua muda. Kibanja ni cha Ineza, ikaandikwa, wote wakatia sahihi. Ineza alinishika miguu. Nikamwinua, nikamwambia apeleke watoto wakale.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna lililobaki.

Wiki mbili baadaye Frednand alikuja kwangu mchana, peke yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikampa kiti. Nikamuuliza jambo moja tu, lililokuwa linaninyima chakula.

"Ulikuwa unatafuta nini pale, mwanangu? Kila ukiangalia, si maneno ni yaleyale?"

Alitazama chini.

"Nilikuwa naangalia koo langu, mama."

"Koo?"

"Nilikuwa nasimamisha picha nione kama nilimeza. Kama nilishika tu mrija bila kumeza, basi sikunywa neno. Nilitaka kuona kama koo lilicheza."

Jamani.

Baba yake anazungumza. Mdogo wake amekaa pale na suti iliyomzidi. Yeye haangalii baba wala mdogo. Anaangalia koo lake, mwaka hadi mwaka, akitafuta upenyo kwenye pombe ya baba yake. Na Elick wakati huo yuko hai, anamsalimia kila siku kaka, kaka.

"Na koo lilicheza?"

"Lilicheza," akasema. "Ila kule kusimamisha kulipoiua picha, nikaona basi, hata ushahidi huo haupo."

Sikumpigia kelele. Nilimsindikiza hadi mlangoni kama mgeni, na nilipoinua kile kiti alichokalia, nilikiosha. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye maji.

Wanangu mnaosoma, nina mawili ya kuwaambia.

La kwanza: kama una mkanda wa wazee wako kabatini, uhamishe sasa, utepe unakufa. Mwambie fundi akifungue kifaa chake mbele yako, akijaribie kwanza mkanda wake mwenyewe, na asikupendezeshee chochote. Ubaya wa picha unavumilika, mradi haifichi kitu.

La pili: nilizoea kusema binadamu wanakosea kwa kusahau. Siku hizi sisemi. Aliyesahau mkumbushe kwa upole, mara saba ikibidi. Lakini anayekumbuka vizuri na bado anakana, huyo usimkumbushe. Mpende, mwombee, umwitikie salamu yake. Ila simama mbali naye kidogo, upande ule upepo unakotoka, uvundo usikufikie.